Mabomba Matano ya Baba

Nyumba yetu ilikuwa na mabomba matano na haikuwa na tone la maji. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndugu zangu wakikisimulia kisa hiki huanza kwa kucheka, na wakishaanza kucheka hawamalizi. Mimi kicheko changu ni cha kuazima. Nakitoa pale ninapoona wenzangu wananitazama, kisha nakirudisha.

Baba alikuwa seremala. Nyumba ile aliijenga mwenyewe, milango yake inafunga bila kusukumwa, na angeishia hapo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini watu wa mradi wa maji walikuja kupima bonde letu, wakapigilia vigingi vyekundu kutoka mtoni hadi karibu na shamba letu, na baba akapandwa na wazimu wa mabomba. Hakungoja maji yafike. Alikwenda mjini akarudi na paipu, koki, sinki, bomba la mvua la bafuni, na mfuko wa vikorokoro ambavyo kazi yake aliibuni akiwa njiani. Akatoboa kuta zake nzuri. Bomba moja jikoni, moja bafuni, moja uani, moja chumbani kwake karibu na kichwa cha kitanda, akisema kiu ya usiku ni kitu kibaya. La tano aliliweka sebuleni, pamoja na sinki jeupe, chini ya picha ya harusi yake, ili mgeni anawe mikono bila kutoka nje.

Mradi uliishia ng'ambo ya mto. Vigingi watu wakavichoma kuni. Mabomba yakabaki ukutani yakitukodolea macho, na mama akawa anayafuta vumbi kila wiki, kisha anabeba ndoo yake anakwenda kisimani. Mgeni akijaribu kufungua, baba humwambia, "Leo wamefunga huko juu." Huko juu ni wapi, na waliofunga ni kina nani, hakuna aliyewahi kujua. Majirani wakampa jina la Mhandisi. Walikuwa wanamdhihaki, yeye akalipokea kama cheo.

Basi. Mimi nilikuwa mjini, nauza dawa kwenye duka la dawa, nikapata mchumba, fundi wa redio, mtu mpole mpaka unaweza kumsahau chumbani. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mrefu, mwenye magoti mabovu na macho mazima sana. Alimlea mwanawe peke yake, na mchumba wangu hakuwahi kufanya jambo lolote ambalo mama yake amelikataa. Sikuona dalili kwamba angeanzia kwangu.

"Mimi sina haja ya kuona mali," mkunga aliniambia. "Nataka kukaa na mama yako. Tuongee, nimwone. Nikishamwona mama nitakuwa nimekujua wewe."

Nilifurahi mno. Ndani ya familia yetu kama kuna mtu wa kuonyeshwa ni mama. Nikampigia baba simu, nikamweleza kwamba mgeni anakuja, kwamba anataka kuonana na mama, na kwamba magoti yanamsumbua, hawezi kuchuchumaa. Baba katika maneno yote hayo alilishika neno magoti tu.

"Mwambie asihangaike na mambo ya ndoo," akasema. "Huku maji yako ndani. Ataoga amesimama kama yuko hotelini."

"Baba, maji gani?"

"Nimeyarekebisha."

Nilidhani mradi umerudi. Nikampelekea mkunga habari hizo, naye akasema wazazi wangu ni watu wanaojali.

Mimi, mchumba wangu na mama yake tulifika kabla ya mchana, vumbi limetujaa mpaka kwenye kope. Baba alitupokea mlangoni amevaa koti. Sebuleni aliweka viti vinne, akatukalisha, akakaa. Nikaangaza macho huku na huku.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yako ameitwa kwa dada yake," baba akasema, akiwa anautazama ukuta. "Dada yake anaumwa. Ameondoka alfajiri. Chakula amekiacha tayari."

Mkunga alikuwa ameshika mfuko wenye kitambaa alichomnunulia mama. Akausogeza chini ya kiti polepole.

"Atarudi leo?"

"Ugonjwa, mkwe, huwezi kuupangia."

"Mimi nimekuja kwa ajili yake," mkunga akasema. Hakusema kwa ubaya. "Nitamngoja kadiri nitakavyoweza. Tusipoonana itabidi mambo haya yasubiri, kwa sababu mimi jibu la mwanangu siwezi kulitoa kwa kutazama viti."

Kusubiri, kwa mchumba wangu mimi, ni neno lenye miaka ndani yake. Nikamtazama, naye akatazama kofia yake. Nilimkasirikia hata mama mdogo kwa kuugua siku hiyo.

Baba akaona hali inazidi kupoa, akainuka kwenda kwenye sinki. "Karibuni mnawe," akasema. Halafu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye shambani, akasema, "Nafungua bomba."

Akafungua. Halikutoka tone. Akakohoa.

"Nimesema nafungua bomba."

Ndani ya ukuta kitu kikagugumia, bomba likatema matope kidogo, kisha maji yakatoka, meupe, ya kweli. Mimi mwenyewe nilisimama. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kuona bomba lile likilowa.

"Bomba lenu linasikia," mkunga akasema, huku akisugua mikono. "Huyu wangu lazima nimwite mara tatu."

Kabla hajamaliza kusuuza, maji yakakatika. Baba akafunga koki haraka. "Linajizima lenyewe," akasema. "Linabana matumizi."

Nilijisikia fahari. Ndiyo, fahari, na leo nikiikumbuka naona aibu kuliko mambo mengine yote ya siku ile. Nilimtazama mchumba wangu kwa jicho la kumwambia, unaona kwetu?

Mkunga aliufuta uso wake kwa leso, ikarudi nyekundu kwa vumbi. "Kwa kuwa tunangoja," akasema, "basi niende nikaoge kabisa."

"Kuoga," baba akasema. "Sasa hivi?"

"Si ulisema nisihangaike na ndoo?"

"Naam. Nilisema." Akamsindikiza mpaka mlango wa bafu, akamwonyesha koki, kisha akageukia ukuta, akatangaza, "Mgeni anaoga sasa. Anaoga mwili mzima."

Mkunga alimtazama kwa muda, akafunga mlango.

Nikaenda jikoni kupasha chakula. Masufuria yalikuwa bado ya moto, jambo ambalo mtu aliyeondoka alfajiri hawezi kulifanya, na nilikuwa nalitafakari hilo nilipomsikia mtu akikohoa nyuma ya nyumba. Kikohozi kile nakijua tangu nikiwa mgongoni. Nikatoka kwa mlango wa uani, nikazunguka.

Nyuma ya bafu baba alikuwa ameunda jukwaa la mbao chakavu, refu kufikia tundu la hewa la bafuni, na juu yake amekalisha pipa. Paipu ilitoka chini ya pipa ikaingia ukutani. Kando ya pipa, juu ya ngazi, ameshika ndoo, alikuwa mama. Alikuwa amevaa suruali ya kazi ya baba, kiuno kimefungwa kwa kamba. Alikuwa amelowa mpaka masikio.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nipe hiyo ndoo iliyojaa."

Nikampa. Akamwaga, na ndani nikamsikia mkunga akishusha pumzi ya raha.

Nilimwambia nilidhani yuko kwa mama mdogo. Akasema mama mdogo ni mzima kabisa, ana nguvu za kugombana na dunia nzima. Akanieleza kwa kunong'ona. Baba alikusudia kulijaza pipa na kuliacha, lakini siku iliyotangulia, lilipojaa, mguu mmoja wa jukwaa ulilia. Kwa hiyo jukwaa lingeweza kubeba pipa tupu na maji kidogo kidogo, na lazima awepo mtu wa kuyamwaga kila yanapohitajika. Majirani wasingeweza kuitwa, wangemcheka Mhandisi mpaka kaburini. Wageni wakishamaliza mambo ya maji, mama angevaa gauni lake, lililopigwa pasi na kutandazwa kitandani, apite shambani, atokee mlango wa mbele, kama mtu anayetoka kwa dada yake.

"Watamaliza lini mambo ya maji?"

"Hata mimi nilimuuliza baba yako."

"Mama, yule amekuja kukuona wewe. Wewe, siyo bomba."

"Najua. Nimemsikia." Akaipangusa pua kwa mkono uliolowa. "Lakini baba yako ameshasema maji yapo. Leo akionekana mwongo, wewe wataku​onaje? Ngoja kwanza aoge. Shika ngazi."

Nikashika ngazi. Nilikuwa na hasira na baba hadi meno yaliuma, lakini nikajikaza kisabuni, nikaishika, kwa sababu mama alishasema nishike na kwa sababu nilitaka kuolewa. Nilisimama pale nimekumbatia mbao, natazama nyayo za mama yangu, zimepauka na kujikunja kwa maji, na moyoni ninaomba mkunga awe mtu wa kuoga haraka.

Hakuwa mtu wa kuoga haraka.

"Maji yamekatika," tukamsikia.

Baba akajibu kutoka sebuleni, "Ni presha, mkwe. Itarudi." Kisha, kwa sauti ya juu zaidi, "Presha!"

"Kumbe mimi ndiyo presha," mama akasema chinichini.

Ndoo zote zilikuwa tupu. Nikakimbia kisimani nikiwa na viatu vyangu vya mjini, nikarudi navyo vimegeuka matope, na huku nyuma baba ameshaiita presha mara nyingi kiasi kwamba mchumba wangu, mtu wa redio, alianza kumshauri kuhusu paipu. Mama alinyoosha mkono kuipokea ndoo. Ilikuwa imejaa sana, kosa la haraka yangu. Akaegemea jukwaa ili apate nguvu ya kuivuta, na ule mguu uliolia jana yake safari hii ukakatika.

Jukwaa lililala ubavu, likaiangusha na ngazi. Pipa likadondoka, likaviringika kuelekea kwenye kuku. Paipu ikachomoka ukutani. Mama, kwa bahati yake, alilidaka tundu la hewa kwa mikono yote miwili, akabaki ananing'inia, kichwa na mabega vimeingia bafuni, miguu iko nje kwangu. Niliikumbatia ile suruali kwa nguvu zote.

Nikasubiri ukelele. Badala yake nikamsikia mama yangu, mwanamke mwenye adabu zake popote umwekapo, akisema, "Hodi."

"Karibu," mkunga akajibu kwa mazoea tu. Kisha akasema, "Wewe ni nani?"

"Ni mimi mama yake."

"Yule aliyekwenda kuuguza?"

"Ndiyo huyo."

"Mgonjwa anaendeleaje?"

Mama kusema uongo hajui, ndiyo maana baba alimweka nje. "Hakuna mgonjwa, mkwe," akasema. "Nilikuwa nakumwagia maji."

Baba na mchumba wangu walitokea mbio. Mchumba wangu akainua ngazi, akaishikilia, tukamteremsha mama hatua kwa hatua, na mara tu miguu yake ilipogusa chini mkunga naye akatokea kwa mlango wa uani, amevaa gauni lake nyuma mbele, povu limejaa kichwani, jicho moja amelifumba kwa sabuni. Kwa jicho lililobaki alitazama jukwaa lililovunjika, akalitazama pipa kule kwa kuku, akaitazama suruali, na mwisho akamtazama baba.

"Amerudi," baba akasema. "Amepitia nyuma."

Hapo ndipo ndugu zangu hucheka mpaka wakajishika mbavu. Siku ile hakuna aliyecheka. Nilitamani nchi ipasuke inimeze. Mchumba wangu alikuwa bado ameishikilia ngazi. Kuku mmoja alipanda juu ya pipa. Mama alikuwa anajaribu kuishusha suruali ifike kwenye vifundo, kana kwamba tatizo lilikuwa urefu wake.

Mkunga alimsogelea mama, akainama, mkono mmoja ameshika goti. "Nisuuze kichwa," akamwambia. "Sabuni inaniuma."

Mama akachota maji yaliyobaki kwenye ndoo kwa kopo, akammwagia polepole, mkono mwingine ukimkinga macho kama anavyomkinga mtoto. Baba alitaka kusaidia, akaokota kipande cha ubao, akakishika tu.

Tulirudi sebuleni. Nilikaa, mchumba wangu akakaa, mkunga akakaa na taulo shingoni, baba akakaa. Mama akabaki amesimama karibu na mlango, anachuruzika, anatazama viti. Vilikuwa vinne. Tangu tulipofika nilikuwa nimekalia kimoja kati ya hivyo na sikuwahi kujiuliza kwa nini ndani ya nyumba ya seremala, mtu anayeunda viti, viti vya siku hiyo havikutosha. Baba akaviona naye. Akainuka, akampisha. Mama akatandika gunia kwanza ili asilowanishe mto, kisha akauliza, "Nikae?"

Alimuuliza baba. Baba alifungua mdomo, yeye ambaye angeweza kuongea juu ya koki tangu asubuhi hadi jioni, akaitikia kwa kichwa tu.

Nilijua sasa inakuja hukumu yangu. Mkunga alikausha masikio yake bila haraka, akautoa chini ya kiti ule mfuko wa kitambaa, akauweka juu ya mapaja yake. Nilimtazama usoni nikitafuta jibu, ndiyo au hapana, sikuona hata moja. Lakini hakunigeukia mimi, wala mwanawe.

"Mama," akamwambia mama yangu, "mwanangu anamtaka binti yako. Baba mwenye nyumba ameshatukaribisha, sauti yake tumeisikia. Mimi mwenyewe nimekuja, nimekuona, na kwa upande wangu nimetosheka. Imebaki wewe. Wewe unasemaje?"

Mama alishangaa. Aliangalia nyuma yake, kama kuna mwingine anayeulizwa. Akakamua ncha ya shati, maji yakadondoka sakafuni, akayafuta kwa mguu.

"Mimi nitasema nini?" akajibu. "Huyo kijana mwenyewe sijamwona. Tangu wamefika nasikia sauti tu. Pale kwenye ngazi nilikuwa nimegeukia ukuta." Alifikiri kidogo. "Sauti yake haina neno. Lakini asimame nimwone."

Mchumba wangu akasimama, akagonga meza kwa goti, akaja akasimama mbele ya mama, mikono ameishika mbele. Mama akaanza kumtazama, kuanzia viatu. Baba alijisogeza akasimama kando ya sinki lake, hakuna aliyekuwa na haja naye.

"Mwangalie kwa nafasi yako," mkunga akasema. "Hatuna haraka."

Mimi niliinamisha kichwa. Wiki nzima nilikuwa sili vizuri wala silali, nikimwomba Mungu mama yake anikubali, na katika maombi yote yale haikunijia akilini hata mara moja kwamba kuna mama mwingine wa kuulizwa.